Mchanga wa Pwani Hutoka Bara

Ukipita Kunduchi na Mbezi Beach, jijini Dar es Salaam, utasikia lalamiko lile lile: bahari imekula tena. Mnazi umeanguka, ukuta umepasuka, na lawama zote yanatupiwa maji. Leo nataka kumtetea mshtakiwa.

Ufuko haujapata kutulia hata siku moja. Kusi inapovuma, mawimbi husogeza mchanga kuelekea kaskazini; kaskazi ikishika zamu, hurudisha sehemu yake. Unaopotelea kilindini hufidiwa na mito. Mto Mbezi na Mto Tegeta, ambayo kiangazi unaivuka bila kulowesha magoti, ndiyo huushusha mchanga baharini mvua za masika zikinyesha.

Lakini mji umekua na kila nyumba inataka matofali. Mchanga wa mtoni unapakiwa kwenye malori kabla haujaiona bahari. Ufuko unaendelea kutoa, ila haupokei. Hoteli ya Africana, iliyosifika sana enzi zake, ilimalizwa na mmomonyoko huo. Jina lake ndilo lililobaki, kondakta wa daladala analiita kila siku kituoni.

Wenye uwezo wamejibu kwa kuta za mawe. Wimbi likigonga ukuta, linarudi na kukomba mchanga ulio mbele yake. Zile kuta fupi zinazoingia baharini nazo zinazuia mchanga uliokuwa njiani kwenda kwa jirani. Jirani akiona kwake kunaliwa, naye anajenga. Hapo kila mmoja analinda kiwanja chake, na pwani nzima inakwisha.

Pangani wana somo lao. Kisiwa cha Maziwi kilikuwa na miti, na kasa walikuja kutaga huko. Miti ikakatwa, mizizi iliyoushika mchanga ikaondoka, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 kisiwa kilikuwa kinafunikwa maji yakijaa. Leo ni fungu la mchanga, utaliona maji yakipwa.

Kweli, usawa wa bahari unapanda duniani kote, na hilo hatuwezi kulizuia kutoka Kunduchi. Malori tunaweza.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukoni, na mita 60 hizo hizo kutoka ukingo wa mto. Walioiandika walijua kwamba mto na bahari ni kesi moja. Ila sisi tumeigawa: mabonde ya juu yako Manispaa ya Ubungo, ufuko uko Kinondoni. Anayechota mchanga huku hasikii malalamiko ya kule. Manispaa hizi mbili zikae meza moja, zikubaliane mchanga kiasi gani lazima ufike baharini, kisha ndipo vibali vitolewe kwa kile kitakachobaki. Kama hakibaki kitu, malori yarudi matupu.