Kioo Kilipoingia Giza

(Mazungumzo na wanachama wa chama chetu cha msingi cha pamba)



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini malipo ya pamba yamechelewa. Wengine mmesema hesabu zimepotea. Hazikupotea. Leo tunawaeleza yaliyotokea, maana kompyuta ile ni mali yetu sote.

Kompyuta ilikuwa nzito mno. Tukamwita fundi kutoka mjini. Alifungua sanduku, lile ambalo wengi huliita sipiyu, akaongeza ramu. Ramu ni kibao chembamba, urefu wake kama sentimita 13. Humo kompyuta hushika kazi ya wakati ule, kama mtu anavyoshika hesabu kichwani kabla hajaiandika. Fundi akawasha, ikawaka, akapanda pikipiki akaenda zake.

Kesho yake tukalisogeza sanduku tupate kufagia. Tulipowasha, feni ikazunguka, taa ikawaka, lakini picha hakuna. Kioo kikaandika maneno machache ya Kiingereza, maana yake hakuna kinachoingia. Halafu giza.

Jamani, tulitetemeka! Kilo za kila mkulima zimo mle. Mmoja wetu akasema kioo kimekufa, tutoe fedha za chama tukanunue kingine. Tulikaribia kabisa kuzitoa.

Kumbe kioo kinachoandika maneno ni kizima. Kinasema tu kwamba waya wake hauletewi picha. Tena hesabu hazikai katika kioo, wala katika ramu. Zinakaa katika diski. Kioo kikipasuka leo, diski bado inazo.

Tukampigia fundi simu. Akauliza, "Mara ya mwisho kimeguswa nini?" Tukajibu, ramu. Akasema, "Basi anzieni hapo hapo."

Tukazima, tukachomoa waya wa umeme ukutani. Hapo hakuna mzaha. Tukabonyeza kitufe cha kuwasha ili umeme uliobaki uishe. Tukafungua ubavu, tukagusa chuma cha sanduku kwanza, maana mwili wa mtu huwa na umeme kidogo unaoweza kuharibu ramu. Lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani hatukulifungua. Nanyi msilifungue kamwe, hata likiwa limechomolewa.

Tukaangalia. Ramu mpya ilikuwa imeinuka upande mmoja, kiasi cha unene wa ukucha tu! Tukazitoa zote mbili, tukarudisha ya zamani peke yake. Tulipowasha, picha ikaja. Tukazima, tukachomoa tena, tukarudisha na ile mpya. Tukaikandamiza kwa vidole gumba mpaka vishikio vikalia ta! ta! Safari hii kioo kilikaa giza kitambo, mwenzetu akaanza kulalamika, ndipo picha ikaja. Fundi anasema mashine nyingine huchelewa hivyo zikikutana na ramu mpya.

Alitutajia na kadi ya picha. Sanduku likiwekewa kadi hiyo, mara nyingi tundu la zamani la waya wa kioo hunyamaza. Lazima waya uhamie kwenye tundu la kadi. Watu wengi hukwama hapo, kumbe hakuna kilichoharibika.

Malipo yataanza Ijumaa saa mbili asubuhi, hapa ghalani. Njooni na stakabadhi zenu za mizani. Sanduku sasa lina meza yake, na anayefagia afagie pembeni.