Hotuba juu ya Karakana ya Shule na Vijana Wanaotaka Kuwa Wahandisi



Tumeombwa kusema machache juu ya elimu ya vijana wanaotamani uhandisi. Watu wa Mwingi hawana haja ya kuelezwa kazi hiyo ni ya nini. Tarehe 4 Desemba 2021 mto Enziu ulilichukua basi lililojaa watu waliokuwa wakienda arusini, na zaidi ya 30 kati yao wakafa. Kimo cha daraja hupimwa kwa hisabati kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Yatazameni pia mabwawa ya mchanga, ambayo Kitui imeyajenga kwa mamia. Ukuta hukingamishwa katika mto mkavu, nao hukalia mwamba. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki humo yamefichwa na jua. Ukuta usipoufikia mwamba, maji hupita chini yake, na kazi yote ya mwethya, pamoja na mawe waliyobeba akina mama, imepotea bure. Kujua pa kuchimba na unene wa kujenga ni kazi ya mtu aliyesoma fizikia.

Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilifungua chuo huko Kabete ili Waafrika wafundishwe useremala, uashi na uhunzi. Mafundi wa namna hiyo walifanya kazi safi, lakini michoro waliyoifuata ilitoka katika meza za watu wengine. Royal Technical College ilifunguliwa Nairobi mwaka 1956, na tangu hapo hapana sheria iliyomzuia mtoto wa Mkamba kuchora daraja mwenyewe. Kilichomzuia mara nyingi ni shule aliyosomea.

Sasa jambo hili limekuwa la haraka. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza waliingia Gredi ya 10, na kila mmoja alipaswa kushika mkondo mmoja kati ya mitatu. Mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati ndio unaoelekea kazi tunayoisema. Basi mtoto wa miaka kama 15 huchagua masomo yatakayomfungulia mlango au kumfungia. Lakini huchagua nini, ikiwa shule iliyo karibu na kwao haina maabara wala mwalimu wa fizikia? Huchagua kilichopo. Shule zenye sifa ni chache, na karo yake twaijua sote.

Wasichana twawataja kwa makusudi. Wao ndio waliotembea na mitungi tangu utotoni, nao wanaijua shida ya maji kuliko wengi wetu tulioketi hapa. Hata hivyo bado wako wazazi wanaosema ufundi ni wa wavulana. Msaada wa karo utolewao na chama chetu usitolewe kwa mawazo hayo.

Twasema wazi, ingawa wengine hawatapendezwa: lango jipya la shule, lenye jina la chama limechorwa juu yake, lingoje. Kwanza zinunuliwe meza za kazi, jiliwa, misumeno, mbao za kuchorea na vipimo vya umeme. Mafundi wa jua kali hapa mjini waombwe kuja Jumamosi, wawaonyeshe wanafunzi kulehemu na kupinda chuma; wako hodari ambao hawajapata kuitwa shuleni hata siku moja. Na halmashauri ya shule isaidiwe kumlipa mwalimu wa fizikia mpaka serikali itakapompeleka wake.

Miaka ya sekondari ya juu ni 3, na shahada ya uhandisi ni miaka 5. Aliyeingia Gredi ya 10 mwaka 2026 hawezi kutungoja. Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba kura ipigwe leo kabla ya chai: fedha za lango zihamishiwe karakana, au zisihamishwe.