Vipimo Safi, Tumbo Lauma



Wazee wetu, mama zetu na vijana wenzangu, kuna mtu hupimwa damu, hupimwa choo, hata hutiwa kamera tumboni, kisha huambiwa, "Huna kitu." Na tumbo lamsokota, limejaa gesi, leo aharisha, kesho hapati choo. Nyumbani huyu asema ajifanya, yule asema karogwa. Jamani, huyo ni mgonjwa kweli.

Utumbo wake hauna kidonda. Kilichoharibika ni mawasiliano kati ya utumbo na ubongo. Gesi kidogo ambayo wewe huihisi, yeye humuuma kama kisu.

Mwaka 1984, mjini Manchester, Uingereza, Daktari Peter Whorwell na wenzake walichukua wagonjwa 30 walioshindikana kwa dawa. Nusu walipewa mazungumzo ya ushauri na vidonge visivyo na dawa ndani. Nusu walitibiwa kwa hipnosi. Hawa wa pili ndio waliopata nafuu kubwa. Mwaka 2015 ikatolewa hesabu ya wagonjwa 1,000 wa tiba hiyo Manchester: zaidi ya 7 katika kila 10 walipata nafuu.

Najua wengine mshaanza kuwaza sihri. Hapana. Hakuna hirizi, hakuna kafara, hakuna kupandisha mashetani. Mgonjwa hufumba macho na kuvuta pumzi taratibu mpaka mwili ulegee. Halali, anasikia, na akitaka kuinuka huinuka. Mtaalamu humwambia aweke mkono tumboni ahisi joto lake, kisha awaze mto uliokuwa ukienda kwa fujo sasa wapita polepole. Hurudi kwa vikao kama 7 hadi 12, na nyumbani hufanya mazoezi hayo hayo.

Si wote wanaopata nafuu. Na vipimo ni kwanza: ukiona damu kwenye choo, au wakonda bila sababu, nenda hospitali upesi, usingoje.

Lakini ukiambiwa "huna kitu" na bado waumia, usiondoke kimya. Muulize daktari: "Basi ni nini kinachoniuma?" Nanyi wazazi, mtoto akiacha sahani ya futari na kushika tumbo, msimwambie adeka. Mwaminini kwanza, kisha mumtafutie tiba.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.