Mdudu wa Padri Latreille

Leo twazungumza juu ya mdudu ambaye mkimwona mezani mtamponda kwa kidole bila kufikiri. Ni mbawakawa wa milimita 5 hivi, mabega mekundu, nyuma buluu ya kung'aa kama chuma. Wataalamu humwita Necrobia ruficollis, na neno lile la kwanza, kwa Kiyunani, ni kusema aishiye kwa wafu. Ndivyo alivyo. Hukaa penye mizoga iliyokauka, ngozi na mifupa, akila humo na kuwinda funza wa nzi. Wachuuzi wa samaki wakavu na wa mbata wanamjua nduguye mwenye miguu myekundu, nao hawamshukuru kamwe.

Mwaka wa 1793 Ufaransa ilikuwa katika mapinduzi, na serikali ilikuwa imewaamuru mapadri waape kiapo kilichowatia chini yake. Pierre André Latreille, padri kijana, hakuapa. Akatiwa gerezani mjini Bordeaux, kifo kikimngoja. Mapenzi yake makubwa yalikuwa kuchunguza wadudu.

Siku moja tabibu wa gereza alimkuta ameinama, akitazama kitu sakafuni. Akamwuliza ni nini. Padri akajibu kwamba ni mdudu wa nadra sana. Tabibu yule (nasi twampenda kwa hili) hakumcheka. Alimpeleka mdudu kwa kijana wa miaka 15, Bory de Saint-Vincent, mpenzi wa elimu ya viumbe. Kijana alilijua jina la Latreille kwa kazi zake, akajitahidi, na padri akafunguliwa pamoja na mfungwa mwenzake mmoja. Yasimuliwa kwamba wote waliobaki walikuwa wamekufa kabla ya mwezi kwisha.

Ni rahisi kusema Mungu alimtuma mdudu, nasi twasadiki hivyo. Lakini hao waliobaki je? Bila shaka walikuwamo waliosali usiku na mchana, na mama zao walikuwa wakiwangoja nyumbani. Tukiisimulia habari hii kwa furaha tupu, tumewasahau. Na mfiwa anayetusikiliza sasa atauliza, "Mdudu wangu mimi alikuwa wapi?" Hatuna neno la kumziba kinywa, wala hatulitafuti.

Latreille aliishi miaka karibu 40 zaidi, akiwapanga wadudu kwa jamaa zao. Mwaka wa 1802 aliipa jamaa ya mbawakawa huyu jina la Cleridae, nalo latumika hata leo. Alifariki mwaka wa 1833, akazikwa Paris. Juu ya kaburi lake pamechongwa mdudu yule, na maneno ya Kilatini yanayomwita mwokozi wa Latreille. Neno zito hilo, na wengine wenu mtaguna. Hata sisi tungesita kulitumia kwa mdudu. Lakini sisi hatukulala sakafuni mle.