Majumba Matatu ya Sinema na Hadithi Yetu Wenyewe
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule na walimu wetu, wanachama wenzangu, nanyi wanafunzi mnaoyakalia leo madawati tuliyoyakalia sisi:

Kamati imenitaka niseme machache juu ya sinema. Huenda wengine wakaona kuwa hilo ni jambo la starehe tu, lisilostahili mkutano kama huu. Naomba mnivumilie.

Mwezi Oktoba 2016 nilikwenda Kampala kwa siku nne. Sisi watu wa Karagwe na Kyerwa twajua kwamba jiji hilo li karibu nasi kuliko Dar es Salaam. Ukivuka Murongo na kupita Mbarara, unalala huko siku hiyo hiyo. Shughuli zangu zilikuwa za mchana, hivyo jioni tatu nilizitumia kutazama filamu mpya katika majumba matatu mbalimbali.

Jioni ya kwanza niliingia ukumbi wa kisasa wenye viti vya sponji na baridi ya mashine. Filamu ilikuwa The Magnificent Seven, ya Kimarekani, ihusuyo wanakijiji wanyonge wanaotafuta wapiganaji saba wa kuwatetea. Asili ya hadithi hiyo si Marekani. Akira Kurosawa na wenzake waliitunga Japani, na filamu yao, Seven Samurai, ikatoka mwaka 1954. Wamarekani wakaivisha kofia na bastola mwaka 1960, na mwaka 2016 wakairudia tena. Sisi watazamaji tulikuwa wachache, na kila mmoja alikaa kimya kwenye kiti chake.

Jioni ya pili nilikwenda Acacia Mall kutazama Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair. Inamhusu Phiona Mutesi, binti aliyekuwa akiuza mahindi katika mtaa wa Katwe, Kampala hiyo hiyo, hata akajifunza mchezo wa chesi na kuiwakilisha nchi yake ng'ambo. Ukumbi ule haukukaa kimya hata kidogo. Watu waliitambua mitaa yao wakapiga vigelegele. Walicheka kabla kichekesho hakijafika mwisho, kwani walikuwa wakikijua. Mama mmoja mbele yangu alikuwa akijibizana na mama wa Phiona kana kwamba ni jirani yake.

Jioni ya tatu mwenyeji wangu alinipeleka kwenye kibanda cha mabati, chenye mabenchi na runinga moja, mfano wa vibanda tulivyovijua hapa kwetu. Filamu ilikuwa ya ngumi, ya Kichina, lakini sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya mtafsiri, ambaye kule humwita VJ, akiieleza kwa Kiganda. Mchina aliporuka dirishani, mtafsiri alimpa jina la Kiganda na kumkumbusha asisahau kulipa nauli. Watu walianguka kwa kicheko. Filamu ya wageni ilikuwa imegeuzwa mali ya kibanda kile.

Nilirudi kwa njia ya Mutukula na kuvuka daraja la Kyaka. Pale niliikumbuka filamu nyingine, The Last King of Scotland ya mwaka 2006, ambayo ilimpatia Forest Whitaker tuzo ya Oscar kwa kuigiza Idi Amin. Kisa chake kinafika Entebbe mwaka 1976 kikaishia hapo. Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalipoingia nchini mwetu, na Novemba, yalipolivunja daraja la Kyaka, hayamo. Dunia inamjua Amin wa filamu ile. Haimjui bibi wa ng'ambo ya Mto Kagera aliyekimbia usiku, mtoto mgongoni na kuku kapuni.

Ndugu zangu, tusiwalaumu waliotengeneza filamu ile, walisimulia walichokitaka. Kazi ya kusimulia ya kwetu ni yetu. Na muda ni mfupi. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka ule sasa amekwisha kupita miaka 65, na wazee waliokuwa watu wazima wakati ule twawazika kila mwaka.

Msiseme hatuna fedha. Mtaani Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010, kwa fedha kidogo sana na kompyuta alizoziunga mwenyewe, nayo imetazamwa duniani kote. Nanyi wanafunzi, simu zilizo majumbani kwenu zina kamera.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, wanafunzi waanzishe chama cha filamu, na wakati wa likizo kila mmoja amrekodi mzee mmoja wa kijijini kwake, kwa ridhaa yake, akieleza vita ile kwa lugha aipendayo, Kinyambo au Kiswahili. Pili, sisi wanachama tuchangie mashine ya kuonyeshea picha ukutani, filamu itakayotokana na kazi hiyo ionyeshwe katika bwalo hili, na wazee wenyewe wakae viti vya mbele. Taratibu zipo: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka kibali, na kukiomba niko tayari kusaidia.

Natamani siku hiyo bwalo hili lipige kelele kama ule ukumbi wa Acacia.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.