Mama Asingoje Mpaka Tumbo Lionekane

Haya ni maneno ya mkunga mmoja wa Serikali, aliyehutubia baraza la wazazi huko Busia. Tumeyachapa kama alivyoyasema, kwa kuwa yafaa kusomwa na wanaume kwa wanawake.

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma chini ya mwembe, nawasalimu nyote. Namshukuru Chifu kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa niseme juu ya mambo ya uzazi, nami nimeona wanaume wawili watatu wakitaka kuondoka waliposikia hivyo. Nawasihi wakae, maana nusu ya maneno niliyo nayo ni yao.

Kwa desturi yetu mwanamke akishika mimba hatangazi. Huificha mwezi wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, na mara nyingi hata wa tano. Wengine huogopa kijicho cha majirani. Wengine husema mimba changa haitajwi isije ikaharibika. Wasichana nao huona haya. Siyadharau mawazo hayo. Mama yangu mzazi alikuwa nayo, naye alizaa watoto tisa. Lakini nataka mjue ni kazi gani inayofanyika tumboni katika miezi hiyo ya kufichwa, kisha mpime wenyewe.

Mimba huanza katika mrija upitao yai la mwanamke, hapo mbegu ya mume ikutanapo na yai hilo. Kitu kitokeacho ni kidogo kuliko punje ya mchanga. Hugawanyika kikawa viwili, vinne, vinane, huku kikisafiri kuelekea tumbo la uzazi, na baada ya kama juma moja hujishika katika ukuta wake, kama mbegu ishikavyo udongo. Wakati huo mama mwenyewe hana habari, kwa kuwa siku zake za mwezi bado hazijafika.

Yapata siku ya 22 moyo huanza kupiga. Na karibu na siku ya 28, ile sehemu itakayokuwa ubongo na uti wa mgongo, ambayo mwanzo ilikuwa bapa, hujikunja na kujifunga ikawa kama mrija, mfano wa mtu akunjaye mkeka kwa urefu na kuushona kingo zake. Fikirini, siku 28 tu! Hapo mama amekosa damu ya mwezi kwa majuma mawili, na pengine anadhani ni uchovu wa shamba. Mrija huo usipojifunga vema, mtoto huzaliwa na kidonda mgongoni, uti ukiwa wazi na miguu haina nguvu; au hukosa sehemu ya fuvu na ubongo, asiweze kuishi. Watoto wa namna hiyo nimewapokea kwa mikono yangu. Watu walisema ni laana, na mama akalaumiwa na wakwe zake.

Si laana. Sababu ni zaidi ya moja, lakini iliyo wazi kuliko zote ni upungufu wa vitamini iitwayo foliki asidi, ambayo imo katika mboga za majani na maharagwe. Mwaka 1991 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa. Wanawake waliokwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo walipewa foliki asidi kabla ya kushika mimba nyingine, na hatari ya jambo lile kurudi ikapungua kwa asilimia 72. Ndiyo sababu tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imelazimisha unga wa mahindi na wa ngano uuzwao katika pakiti utiwe vitamini hiyo pamoja na madini ya chuma. Ila unga tunaosaga hapa kinuni hautiwi kitu. Simwambii mtu aache kinu. Hata mimi nasagisha papo hapo. Nasema tu ya kwamba alaye unga wa kinu ana haja zaidi ya vidonge, na mwanamke anayetumaini kuzaa yampasa aanze kuvimeza kabla ya mimba, maana akingoja hata mwezi wa tatu, mrija ule umekwisha kufungwa au kukosa kufungwa.

Majuma manane baada ya mimba kutungwa, mtoto ana urefu wa kama sentimeta tatu, mfupi kuliko kidole gumba changu. Hata hivyo moyo, ini, figo, mikono na vidole vyake vimekwisha kuwekwa mahali pake. Miezi inayofuata ni ya kukua na kukomaa. Katika juma la 20 huwa na uzito wa kama gramu 300. Katika juma la 28, kilo moja hivi. Na mapafu yake ndiyo hukawia kuliko vyote kuwa tayari, ndipo mtoto azaliwaye mapema mno huhangaika kupumua. Mama humsikia akicheza katika mwezi wa tano au karibu yake. Hapo ndipo wengi wetu husema, "Sasa nitakwenda kliniki." Yaani nyumba imekwisha kuinuliwa kuta, nasi ndiyo kwanza tunamwita fundi aangalie msingi.

Wala si kwamba watu hawaji. Katika hesabu ya afya ya Kenya ya mwaka 2022, wanawake 98 katika 100 walionekana na nesi au daktari angalau mara moja wakiwa na mimba. Waliofika mara nne au zaidi walikuwa 66 tu. Na Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri mwaka 2016 kwamba mama aonekane mara nane, mara ya kwanza kabla ya juma la 12. Njia ya kliniki twaijua, tunachelewa kuishika.

Sasa niseme juu ya kondo la nyuma, ambalo watu hulizika bila kulitazama. Hilo ndilo jiko la mtoto. Upande mmoja hupita damu ya mama, upande wa pili damu ya mtoto, nazo hazichanganyiki. Chakula na hewa huvuka ukuta mwembamba ulio katikati. Basi hapa kwetu, karibu na Ziwa, mbu ni wengi, na vijidudu vya malaria hupenda kujificha katika kondo hilo. Mama aweza kutembea, kulima na kucheka, hata damu ya kidole ikipimwa isionyeshe kitu, kumbe kondo limejaa. Mtoto hupata chakula kidogo, akazaliwa mdogo. Na mama damu yake hupungua. Mimba ya kwanza ndiyo iliyo katika hatari zaidi. Dawa ya kuzuia hutolewa kliniki kuanzia mwezi wa nne, ikamezwa mbele ya nesi, na chandarua hutolewa pia. Kile chandarua, baba, si cha kufunikia miche ya nyanya.

Nitawaeleza habari ya mwanamke mmoja. Jina lake silitaji, wala mahali. Alikuwa wa miaka 20 hivi, na hii ilikuwa mimba yake ya pili. Alifika kwetu kwa mara ya kwanza katika mwezi wa saba. Nilipovuta chini kope za macho yake, ndani palikuwa peupe kama karatasi. Katika pindo la leso alikuwa amefunga vipande vya udongo, ile odowa iuzwayo sokoni, ambayo alikuwa akiila kila siku. Nilipima damu yake ikawa 6, na kwa mja mzito yapasa kuwa 11 au zaidi. Nikampa vidonge, nikamwandikia barua ya hospitali kubwa aende siku ile ile.

Hakwenda. Mume alikuwa kazini Nairobi, na mama mkwe alisema wangoje neno lake. Simu ikapigwa, ikakosa kupatikana, ikapigwa tena. Majuma matatu yakapita. Uchungu ukamshika kabla ya wakati, usiku, nasi tukampokea. Mtoto alitoka salama, kilo mbili. Kondo likatoka zima. Kisha damu ikaanza. Mwanamke mwenye damu ya kutosha aweza kupoteza nusu lita akasimama kesho yake. Yeye hakuwa na nusu lita ya kupoteza. Tulimkanda tumbo, tukampa dawa ya kukaza tumbo la uzazi, gari likapatikana. Huko hospitalini damu ya aina yake haikuwapo. Alifariki kabla ya mapambazuko.

Mume alifika siku ya pili. Hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja: "Alipaswa kuja lini?" Nikamwambia, "Mwezi wa pili." Akakaa kimya kitako pale nje ya mlango, muda mrefu sana. Yule mtoto yu hai, analelewa na bibi yake.

Simlaumu mama mkwe. Alifanya kama alivyofundishwa. Lakini wanaume, swali ni lenu: kwa nini ruhusa ya kwenda hospitali ikae Nairobi? Toeni ruhusa hiyo siku mnayoambiwa mimba iko, mbele ya mama zenu, na mwache fedha ya safari mahali panapojulikana. Elewaneni mapema na mwenye bodaboda. Jina lenyewe la chombo hicho lilizaliwa hapa mpakani, isiwe aibu kwetu kukikosa usiku. Mwaka 2013 Serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma, na tangu Oktoba 2024 mambo ya bima yamo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii. Basi jiandikisheni sasa. Mtu asianze kutafuta kitambulisho chini ya godoro wakati bibi yake analia. Na mwenye kilo 50 au zaidi na afya njema, atoe damu. Mwanamume aweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, wala hapungukiwi na kitu. Ile damu iliyokosekana usiku ule ilikuwa ikitembea katika mishipa ya watu waliolala.

Akina mama, juu ya vile vidonge vyekundu. Najua vinakera tumbo, na choo huwa cheusi. Weusi huo ni chuma tu, usiogopwe. Vimezeni baada ya chakula kama vinachafua tumbo, kwa maji au kwa chungwa, wala si kwa chai, maana chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Kuleni maharagwe, kunde, mchicha na omena. Kuna wanaokatazwa mayai, ati mtoto atakuwa mkubwa ashindwe kupita. Mayai hayana kosa hilo. Na udongo hauongezi damu. Huleta minyoo, na minyoo hunywa damu.

Kuna dalili zisizongoja siku ya kliniki. Damu kutoka, hata kidogo. Maji ya uzazi kumwagika kabla ya uchungu. Homa. Mtoto aliyekuwa akicheza akatulia. Na hasa kichwa kuuma sana, macho kuona giza au vimulimuli, uso na mikono kuvimba. Hii ya mwisho hutangulia kifafa cha mimba, ambacho wengi hukiita pepo, wakampeleka mgonjwa kwa wa kupunga. Shina lake ni damu kusukumwa kwa nguvu kupita kiasi, nayo hujulikana kwa kile kitambaa cha kubana mkono. Dawa yake ipo, si ya bei kubwa: mwaka 2002 ilitangazwa kwamba wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 walikuwa wamechunguzwa, na waliopewa dawa hiyo walipatwa na kifafa kwa nusu ya wale wasiopewa.

Tena kuna hofu ya kupimwa virusi vya UKIMWI, ambayo huwafanya wengine wakae nyumbani. Mama mwenye virusi asipotibiwa, mtoto ana hatari ya kati ya 15 na 45 katika 100 ya kuambukizwa. Akitibiwa mapema na kuendelea, hatari hushuka chini ya 5. Anayekimbia kipimo humkimbiza na mtoto.

Sasa na sisi wa kliniki. Mmoja wenu aliniambia jana njiani, "Mnatutukana." Ni kweli, wako wauguzi wenye ulimi mkali, na foleni ni ndefu, na siku nyingine dawa haipo. Sitawatetea. Mama akikaripiwa mwezi wa pili, hurudi mwezi wa nane. Mkitukanwa, mwambieni mkubwa wa kituo, au njoni mniambie mimi. Lakini kazi pia imebadilika. Mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika hospitali karibu 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, juu ya akina mama zaidi ya 200,000. Badala ya kukisia damu kwa macho, mkunga huweka chini ya mzazi mfuko wa nailoni wenye alama, na damu ikifika alama, matibabu yote hutolewa mara moja. Hatari ya kutokwa na damu nyingi mno, au kupasuliwa au kufa kwa ajili yake, ilipungua kwa asilimia 60. Nilipousoma uchunguzi huo nilimkumbuka yule wa leso.

Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, katika Kenya akina mama 355 walikufa kwa uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Sitaki kuwachosha kwa hesabu nyingine.

Kliniki ni kesho asubuhi. Aliyekosa siku zake, hata kama hana hakika, aje. Kipimo cha mkojo hakichukui muda, nasi hatumtangazi mtu. Akipenda, aje na mumewe. Nimemaliza, mwenye swali na aulize, tuanze na wale waliotaka kuondoka.