Tutaifishe Nini? Mafuta, Bei na Sisi wa Mwisho wa Reli
Mhadhara wa umma uliotolewa Rusimbi, Kigoma



Kila bei ya mafuta inapopanda, kauli moja hurudi vijiweni na bungeni: serikali itaifishe biashara hii, yaishe. Naiheshimu kauli hiyo. Inatoka kwa watu wanaoona kampuni chache zikiuza kitu ambacho hakuna awezaye kukiacha, na bei yake ikipanda kila kitu kinapanda nayo, kuanzia nauli ya Kasulu hadi dumu la mawese. Ila nawaomba tuiulize swali moja: tutaifishe nini hasa? Mafuta hupita mikono mingi kabla ya kufika sheli pale Mwanga, na si kila mkono unafaa kuwa wa serikali.

Meksiko ilipotaifisha mafuta mwaka 1938, na Iran mwaka 1951, nchi hizo zilichukua visima. Mafuta yalikuwa chini ya ardhi yao, yakichimbwa na wageni kwa mikataba ya dhuluma. Sisi hatuna kisima cha kuchukua. Tuna gesi, ya Songo Songo iliyogunduliwa 1974 na ya Mnazi Bay iliyogunduliwa 1982, lakini petroli na dizeli tunayochoma huja kwa meli, ikiwa imenunuliwa kwa dola kwa bei ya soko la dunia. Mwaka 1973 nchi zinazouza mafuta zilipopandisha bei ya pipa karibu mara nne, hatukuwa na la kufanya isipokuwa kulipa. Hata tukitaifisha kila sheli kuanzia Kigoma hadi Mtwara, bei ya soko la Ghuba ya Uajemi haitashuka kwa senti moja.

Na si kwamba hatujajaribu. Azimio la Arusha la 1967 liliyataja mafuta, pamoja na umeme, kati ya njia kuu za uchumi zinazopaswa kuwa mikononi mwa umma. Mwaka 1969 likaundwa Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, Kigamboni, kilichoanza kazi 1966 kwa mtaji wa Waitaliano, serikali ikawa mbia wake nusu kwa nusu. Wazee mlioko hapa mnaijua miaka ile kuliko vitabu. Baada ya vita vya Kagera mafuta yalipatikana kwa kibali, na gari binafsi lilikatazwa kutembea Jumapili mchana. TPDC ilikuwepo na kiwanda kilikuwepo; kilichokosekana ni fedha za kigeni. Miaka ya mwisho ya 1990 soko likafunguliwa, kiwanda kikafungwa, na TIPER ikabaki matenki ya kuhifadhia mafuta ya wengine.

Anayedhani hayo ni ya zamani atazame kaskazini mwa ziwa letu la Tanganyika. Burundi, baada ya miaka ya uhaba, ilikabidhi uagizaji wa mafuta kwa shirika lake la maji na umeme, REGIDESO, kisha mwaka 2024 ikaunda kampuni ya umma, SOPEBU. Foleni za Bujumbura hazikuisha. Sisemi hivyo kuwacheka. Ni ndugu zetu, tunaoana nao na kuuziana dagaa, na shida yao inatufikia hapa kwenye madumu yanayovushwa usiku. Nasema kwa sababu kampuni ya umma isiyo na dola haiagizi mafuta, kama vile kampuni binafsi isiyo na dola isivyoagiza. Sisi wenyewe tulionja hilo katikati ya 2023, dola zilipoadimika na vituo vikakauka.

Yupo atakayesema: basi angalau serikali iwe na hisa, ipate sauti ndani. Agosti 2011 inatujibu. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilishusha bei kikomo, na kampuni kadhaa zikagoma kuuza. Nchi ilisimama. Kati ya zilizogoma ilikuwemo BP Tanzania, ambayo nusu ya hisa zake zilikuwa mali ya serikali, yaani zangu na zenu. EWURA ikaisimamishia leseni kwa miezi mitatu. Fikirini hapo: mamlaka ya serikali inaiadhibu kampuni ambayo nusu ni ya serikali, kwa kuwagomea wananchi wa serikali hiyo hiyo. Leo nusu ile imo katika Puma Energy, iliyochukua nafasi ya BP. Hisa bila wakurugenzi wanaowajibika kwa umma ni karatasi.

Sasa tuifungue lita yenyewe. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutoa bei kikomo, mji kwa mji. Ndani ya bei hiyo mna bei ya mafuta katika soko la Ghuba, gharama za meli na bima, tozo za bandari, ushuru wa bidhaa, tozo ya mafuta inayokwenda Mfuko wa Barabara, ada nyingine za serikali, kiasi cha mwagizaji na cha mwenye kituo, halafu usafiri. Kinachochukuliwa na serikali kwa kila lita ni kikubwa mara kadhaa kuliko anachoruhusiwa mwenye sheli. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita, na mwaka 2023 nyingine 100. Huenda fedha hizo zimejenga barabara, sibishi. Ila anayepaza sauti dhidi ya mwenye sheli na kunyamazia bajeti ya Juni anapigana na mtu mdogo kuliko wote katika mnyororo.

Mfano unaoniuma ni wa hapa hapa. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi shilingi 400 na senti 30. Sababu ilikuwa uchakachuaji: wafanyabiashara walichanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa rahisi, ndani ya dizeli. Wizi huo ulikuwa wa kweli na uliharibu injini. Lakini dawa ilimwagwa juu ya nani? Mvuvi wa dagaa wa ziwa hili alikuwa akitoka jioni ya giza la mwezi na karabai zake, anazipampu kwa mkono hadi utambi unang'aa mweupe, anaziwasha majini usiku kucha dagaa wapande. Mafuta ya taa yalikuwa mtaji wake wa kila usiku. Hakuchakachua kitu. Akalipia kosa la mwenye lori, na mama wa Katubuka aliyetumia kibatari na jiko la utambi akalipa pia. Wengi sasa wamehamia taa za betri na sola, kwa jasho lao. Ushuru ule haukupangwa na kampuni ya kibeberu, ulipitishwa Dodoma, na wabunge wetu walikuwemo.

Jambo la pili la hapa kwetu ni umbali. Reli ya kati ilitufikia 1914, na kutoka bandarini Dar es Salaam hadi stesheni yetu ni zaidi ya kilomita 1,200. Usafiri huo unahesabiwa ndani ya bei, ndiyo maana lita ya Kigoma huizidi ya Dar kwa zaidi ya shilingi 200. Mwambao wa kusini wa ziwa, ambako sheli hakuna, petroli ya mashine za boti huuzwa kwa chupa na kwa dumu, na huko bei kikomo haimfikii mtu. Mwaka 2022 serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kushusha makali ya bei. Ilisaidia, nakiri. Ila ruzuku ya lita humfaa zaidi mwenye gari la kunywa lita 80 kuliko anayetia lita moja kwenye pikipiki ya mkopo, na ikiisha haiachi hata tenki moja nyuma.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: tumiliki matenki na njia. Sheria ya Petroli ya 2015 imeweka hifadhi ya taifa ya mafuta. Nadai sehemu ya hifadhi hiyo ijengwe Kigoma, kando ya reli na gati, iwe mali ya umma na ikodishwe kwa kila mwagizaji kwa bei moja iliyotangazwa. Mafuta yaje kwa behewa, si kwa lori. Reli mpya kutoka Tabora, kilomita 506, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Tuulize mapema kama ina mabehewa ya mafuta na mahali pa kuyashushia. Meli ya mafuta MT Sangara ni ya umma tayari. Ikishusha pia mafuta kwenye vijiji vyetu vya mwambao badala ya kwenda Congo, Burundi na Zambia peke yake, mvuvi wa kusini atajua bei kikomo ni nini. Uagizaji wa pamoja, uliopewa wakala wake mwaka 2015, ubaki. Zabuni ya wazi kwa meli nzima imetufaa kuliko kila kampuni kujiagizia kivyake.

Na ziwa? Najua swali hilo linasubiri. Kampuni za mafuta zimepima chini ya Tanganyika tangu miaka ya 1980, na upande wa Congo, rasi ya Kalamba, mafuta huvuja yenyewe kutoka miambani. Siku yakipatikana upande wetu, hapo neno kumiliki litakuwa na kisima cha kushika. Tujiandae kwa mikataba, si kwa nderemo. Mwaka 2014 kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, ikiongozwa na Zitto Kabwe, mbunge kutoka mkoa huu, ilipotaka kuiona mikataba ya gesi, viongozi wa TPDC waliishia mikononi mwa polisi kwa kutoitoa. Shirika la umma liliwaficha wenye mali mikataba ya mali yao. Mkataba wowote wa ziwa hili usomwe kwa Kiswahili hapa Rusimbi, Ujiji na Kalya kabla haujasainiwa, na kifungu cha kwanza tutakachokisoma kiwe cha nani atalipa, na atalipa kiasi gani, mafuta yakimwagika katika maji ambayo nchi nne zinakunywa na kuvua.